Mwongozo kamili kwa mtafiti wa Zanzibar anayekwenda kuwasilisha kazi yake kwenye kongamano la kisayansi

Mtafiti kijana wa Unguja au Pemba akipata barua kwamba kazi yake imekubaliwa kwenye kongamano, kitu cha kwanza anachokimbilia ni slaidi. Mwongozo huu unaanzia nyuma zaidi ya hapo. Nimeona watu wenye data nzuri wakirudi na begi la kongamano na picha za simu tu, na wengine wenye data za kawaida wakirudi na mshirika wa utafiti wa miaka mitano. Waliofaidika walijua, kabla hawajapanda boti, wanamtafuta nani na wanataka aondoke na jambo gani moja kichwani. Kila hatua iliyomo humu inafuata kutoka hapo.

Ili tusizungumze hewani, nitashika mfano mmoja. Tuseme unatafiti mwani. Umepima joto la maji na ukuaji wa cottonii, aina moja ya mwani, kwenye mashamba ya maji mafupi na ya maji marefu, misimu ya kusi na kaskazi. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, wakulima wengi ni wanawake, na cottonii, inayonunuliwa kwa bei nzuri kuliko aina nyingine iitwayo spinosum, ndiyo inayokufa kwanza maji yakipata joto. Kama wewe ni wa kichocho, wa karafuu au wa popo wa Pemba, badilisha majina tu, njia ni ile ile.

Hatua ya 1: Chagua kongamano, na anza na la karibu

Mcheza kwao hutunzwa. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa ukanda wa Magharibi ya Bahari ya Hindi, ilianzishwa mwaka 1993 na makao makuu yake yako hapa hapa Unguja. Makongamano yake ya kisayansi ya karibuni yamefanyika Dar es Salaam 2017, Mauritius 2019, Gqeberha huko Afrika Kusini 2022 na Mombasa 2025. Ukitafiti mwani, pweza, matumbawe, mikoko au uvuvi, hapo ndipo pa kuzungumza mara ya kwanza. Wasikilizaji wake wanajua bamvua na maji mafu, wanajua kaskazi na kusi, na hutapoteza dakika tatu kueleza kisiwa chako kiko wapi.

Anayetafiti wanyamapori, tuseme kima punju wa Jozani, aangalie kongamano la TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, linalofanyika Arusha. Wa afya waangalie lile la NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Na aliyeko Pemba ana jirani mzuri: Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, pale Wawi, imekuwepo tangu mwaka 2000 na watu wake wamewasilisha kazi za kichocho na minyoo kwenye majukwaa mengi. Nenda ukae nao, waombe wakusikilize.

Makubwa ya dunia yapo, na siku yake itafika. Kongamano la kimataifa la mwani hufanyika takriban kila miaka mitatu. La mwaka 2023 lilikuwa Hobart, Australia. La matumbawe lilikuwa Bremen, Ujerumani, mwaka 2022. Tazama ramani, kisha jiulize kama unacho cha kusema kinachostahili safari hiyo na gharama hiyo. Ushauri wangu: zungumza kwanza kwenye semina ya taasisi yako, iwe IMS (Taasisi ya Sayansi za Bahari) pale Buyu, SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) pale Tunguu au kokote uliko, halafu kongamano la kanda, ndipo la dunia.

Jihadhari na makongamano ya uongo. Barua zao zinakuja kila wiki: zinakusifu kwa jina la "profesa mashuhuri", zinachanganya udaktari wa meno, uhandisi na kilimo ndani ya ukumbi mmoja, zinakubali ikisiri yako, yaani muhtasari wa kazi, ndani ya siku mbili na zinataka ada papo hapo. Njia ya kuhakiki ni nyepesi. Tafuta ratiba ya kongamano lao lililopita uone kama wazungumzaji ni watu wa kweli katika fani yako, kisha chagua jina moja kwenye kamati yao na umwandikie mwenyewe kupitia anuani ya chuo chake, umuulize kama anaijua kamati hiyo. Wengi watakujibu kwamba hawaijui.

Hatua ya 2: Andika ikisiri inayosema matokeo

Ikisiri nyingi zinaomba maneno 250 hadi 300, na hapa ndipo watu wetu wanapoanguka, kwa kutumia nusu ya maneno hayo kueleza kwamba Zanzibar ina visiwa viwili na uchumi unategemea utalii. Mhakiki amepewa ikisiri kadhaa za kusoma usiku mmoja. Mpe sentensi moja ya tatizo, moja ya kile kisichojulikana bado, mbili za ulivyofanya, tatu au nne za ulichokipata pamoja na namba zako, na moja ya maana yake kwa wanaoamua mambo. Kama huna namba bado, subiri kongamano lijalo. Ahadi ya kwamba "matokeo yatajadiliwa" humwambia mhakiki kwamba hakuna matokeo.

Kichwa cha habari nacho kiseme. "Tathmini ya athari za joto la bahari kwenye kilimo cha mwani Zanzibar" hakimwambii mtu chochote. "Cottonii ya maji marefu hupona kaskazi, ya maji mafupi hufa" kinamvuta hata aliyekuwa anakwenda kunywa chai. Bila shaka data zako ziwe zinasema hivyo kweli.

Kabla ya kutuma, pata idhini ya waandishi wenza wote, kwa maandishi. Panga nani anatangulia mapema, mbele ya msimamizi wako, kwa adabu na kwa uwazi. Ugomvi wa majina ukizuka baada ya ikisiri kuchapwa haumaliziki. Jisajili ORCID, rejista ya mtandaoni ya watafiti, upate namba yako ya tarakimu 16. Ni bure, na kwa sisi wenye majina kama Ali Juma au Fatma Khamis, ambayo wanayo watu mamia, namba hiyo ndiyo itakayokutenganisha na wengine.

Fomu itakuuliza: mazungumzo au bango? Kwa mara ya kwanza nachagua bango bila ya kusita. Mzungumzaji mara nyingi anapata dakika kumi na mbili za kusema na dakika tatu za maswali. Mwenye bango anasimama saa nzima na zaidi, mtu mmoja mmoja anamjia, na anayemjia ni yule aliyevutiwa.

Hatua ya 3: Tafuta pesa kabla hujazihitaji

Andika bajeti nzima, sio tiketi ya ndege peke yake: ada ya usajili, malazi, bima, viza, nauli ya boti kwenda Dar na kurudi kwa ajili ya alama za vidole, tena boti ya safari yenyewe, uchapaji wa bango, teksi za huko, na chakula. Anayetoka Pemba aongeze safari ya kuja Unguja. Hizi nauli ndogo ndogo ndizo zinazomaliza mfuko.

Ada ya usajili ina tarehe mbili, ya mapema na ya kuchelewa, na tofauti yake si ndogo. Makongamano mengi yana punguzo kwa wanafunzi na kwa watu wa nchi za kipato cha chini. Lakini soma maneno yao vizuri, kwa sababu Benki ya Dunia iliihamisha Tanzania mwezi Julai 2020 kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, na baadhi ya orodha za punguzo zinafuata mgawanyo huo. Ukikuta umeachwa, andika barua fupi uwaombe. Waandaaji huwa na nafasi chache wanazozitoa kwa anayeomba mapema na kwa sababu iliyo wazi.

Ufadhili wa safari unatafutwa sehemu tatu kwa wakati mmoja: kwa waandaaji wenyewe, kwenye mradi unaolipia utafiti wako, na kwa mwajiri. Mwombe msimamizi aweke fungu la kongamano kwenye andiko la mradi tangu siku linapoandikwa. Na ukipewa ufadhili, uliza swali moja: wanalipa wao moja kwa moja, au unalipa wewe kisha wanakurejeshea? Kwa mshahara wetu, ufadhili wa kurejeshewa unaweza kuwa sawa na kutopewa. Waeleze hivyo, wapo wanaokubali kulipa tiketi na hoteli wenyewe.

Hatua ya 4: Karatasi

Anza na jina. Kwetu jina lina la mtu, la baba na la babu, na maandishi yake yanabadilika kutoka karatasi hadi karatasi: Khamis na Hamisi, Ali na Ally, Mohamed na Mohammed. Barua ya mwaliko, tiketi, bima na barua ya mwajiri ziwe na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, majina yote matatu kama pasipoti inayo matatu. Ukijisajili kwenye kongamano kwa majina mawili, waombe barua ya mwaliko iandikwe upya.

Kwa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hakuna habari ya viza. Kwa Ulaya ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja, maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe chini ya siku 15. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Usiwangojee hao hadi siku 15: miadi inaweza kujaa, na alama za vidole zinakwenda kutolewa Dar. Mimi huwaambia vijana wapeleke maombi miezi miwili hadi mitatu kabla. Mbali na mwaliko, peleka barua ya mwajiri inayosema una kazi unayoirudia na likizo au ruhusa yako inaisha lini, risiti ya ada, barua ya mfadhili inayotaja analipia nini, na taarifa ya benki ya miezi ya karibuni. Pesa iliyoingia kwenye akaunti jana yake inatia shaka, kwa hiyo kama ni ya mfadhili, ielezwe kwa barua.

Mtumishi wa umma aombe kibali cha kusafiri mapema, kwa sababu faili lina meza nyingi za kupita. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha. Kitie ndani ya pasipoti.

Hatua ya 5: Tengeneza mazungumzo, kisha slaidi

Chukua karatasi tupu. Andika sentensi moja unayotaka msikilizaji amwambie mwenzake wakati wa chai. Kwa mfano wetu: "Yule wa Zanzibar anasema cottonii ikihamishwa maji marefu inapita kaskazi." Kila slaidi isiyoisaidia sentensi hiyo inatoka. Utaumia, hasa kwa ile grafu iliyokuchukua mwezi mzima, lakini itoke. Iweke mwisho kabisa, baada ya slaidi ya kumalizia, ili ukiulizwa uwe nayo.

Dakika kumi na mbili zigawe hivi: mbili za tatizo, mbili za ulivyofanya, sita za matokeo, mbili za maana yake. Slaidi kumi hadi kumi na mbili zinatosha. Wengi wetu tunageuza hesabu hiyo: dakika saba za utangulizi, tano za sampuli, halafu mwenyekiti anainua kadi nyekundu ukiwa hujafika kwenye matokeo. Wasikilizaji wamekuja kwa matokeo.

Kila slaidi ibebe jambo moja. Pale juu, mahali pa kichwa, andika jambo lenyewe kwa sentensi: "Joto la maji mafupi hupanda zaidi wakati wa kaskazi" badala ya "Matokeo ya joto". Herufi zisipungue ukubwa wa 24, na hizo ni pamoja na zile za kwenye mistari ya grafu, ambazo watu husahau. Majedwali yenye safu kumi yabaki kwenye makala. Grafu ikitokea, ieleze kabla ya kuitumia: mstari wa chini ni miezi, wa kusimama ni uzito, nukta hizi ni maji mafupi, zile ni maji marefu, sasa tazameni Februari. Sekunde kumi hizo ndizo zinazomwezesha aliyekaa nyuma kukufuata.

Usitumie nyekundu na kijani kutofautisha makundi. Takriban mwanamume mmoja kati ya kumi na wawili wenye asili ya Ulaya hatofautishi rangi hizo vizuri, na ukumbini wamo. Tumia buluu na rangi ya chungwa, na ubadilishe umbo la nukta pia.

Ramani iwe moja, yenye Unguja na Pemba zinazoonekana na pwani ya Afrika pembeni, na vijiji vyako vimetiwa alama. Picha ya shamba la mwani wakati maji yametoka itafanya kazi ya sentensi tano. Lakini yule mama aliye kwenye picha, ulimwomba? Ruhusa ya kupigwa picha shambani si ruhusa ya kuonyeshwa ughaibuni. Mwombe kwa maneno yaliyo wazi, mwambie picha itakwenda wapi, na kama hakutaka, piga mikono na kamba zake, au usipige. Kwa utafiti wa afya, kibali cha maadili, kwa mfano cha ZAHREC, kamati ya maadili ya utafiti wa afya Zanzibar, kitajwe kwenye slaidi ya mbinu.

Slaidi ya mwisho isiwe "Asanteni" yenye picha ya machweo ya Nungwi. Iwe ile sentensi yako moja, grafu yako kuu ikiwa ndogo, na baruapepe yako. Hiyo ndiyo itakayokaa ukutani dakika zote za maswali, na watu wataipiga picha. Shukrani kwa wakulima, wafadhili na waandishi wenza zitaje mapema, kwenye slaidi ya mbinu, kwa majina ya vijiji.

Hatua ya 6: Kama ni bango

Soma kwanza vipimo vyao. A0 ni sentimita 84.1 kwa 118.9, uliza kama inasimama au inalala, kwa sababu ubao usiolingana nayo unaharibu kila kitu. Sentensi kuu iwe juu kwa herufi za kusomeka kutoka mita tatu au nne, grafu mbili au tatu, maneno machache. Kama uchapaji wa kitambaa unapatikana, chapa kwenye kitambaa: linakunjwa ndani ya begi, halitoboki, na halihitaji bomba refu ambalo utabishana nalo boti na ndege zote. Nakala ya PDF iwe kwenye flashi na kwenye baruapepe yako, ili begi likipotea uchapishe huko huko.

Jitayarishe kwa maelezo ya aina mbili: la nusu dakika kwa anayepita, na la dakika tatu kwa anayesimama. Usianze kusoma bango lako kwa sauti. Muulize mgeni anafanya kazi gani, kisha mwonyeshe sehemu inayomhusu.

Hatua ya 7: Mazoezi na Kiingereza

Mazoezi yawe ya kusimama na kusema kwa sauti, saa ikitembea. Kwanza peke yako, ukijirekodi kwa simu. Pili mbele ya wenzako wa maabara, na uwaombe maswali makali, wasikuhurumie. Tatu mbele ya mtu asiye wa fani yako: mwalimu wa skuli, dada yako, mpwa wako wa sekondari. Akimaliza kusikiliza, muulize umesema nini. Akikujibu sentensi yako moja, uko tayari.

Kuhusu Kiingereza nataka kusema jambo kwa moyo wote, maana hofu hii inawanyamazisha watu wetu wazuri. Katika kongamano lolote kubwa, wengi waliomo ukumbini nao Kiingereza si lugha yao ya kwanza: Wajapani, Wabrazili, Wafaransa, Wamalagasi. Wanamshukuru anayesema polepole kwa sentensi fupi. Lafudhi yako haina tatizo lolote. Kasi ndiyo tatizo, kwa sababu hofu inamkimbiza mtu. Lenga maneno 120 hadi 130 kwa dakika. Dakika kumi na mbili ni maneno kama 1,500, hayafiki kurasa nne zilizoandikwa kwa nafasi moja. Sentensi mbili za kwanza na mbili za mwisho zihifadhi kwa moyo, kama unavyohifadhi sura fupi, ili ulimi uwe na pa kuanzia hata kifua kikidunda. Katikati zungumza tu ukifuata picha. Usisome karatasi. Na maneno matano au sita ya fani yako unayoyatumia kila mara, hakikisha matamshi yake kabla ya safari.

Hatua ya 8: Safari

Kama ndege yako inaondokea Dar, vuka siku moja kabla. Bahari ya kusi haina miadi, boti zinaweza kuzuiwa kwa hali ya hewa, na foleni ya kutoka bandarini hadi uwanja wa ndege nayo ina mambo yake. Wa Pemba avuke mapema zaidi. Zipo ndege za kimataifa zinazoruka moja kwa moja kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume. Linganisha bei yake na jumla ya boti, teksi na chumba cha usiku mmoja Dar, mara nyingi tofauti inakaribia kuisha. Slaidi ziwe sehemu tatu: laptopu, flashi, na baruapepe. Nguo za kusimamia jukwaani zikae kwenye begi la mkononi.

Hatua ya 9: Siku za kongamano

Ratiba ikitoka, kaa nayo jioni moja. Chagua watu watano unaotaka kuonana nao na uandike pembeni ya kila jina kwa nini. Wiki mbili kabla, waandikie baruapepe fupi: mimi ni fulani wa taasisi fulani Zanzibar, nimesoma kazi yako kuhusu jambo hili, nina data za mwani wa miezi mingapi, nazungumza Jumanne mchana, je tunaweza kuonana dakika kumi wakati wa chai? Wawili wakijibu, safari yako imeshalipa. Usiwaogope kwa ukubwa wa majina. Mtu wa maabara ya Ulaya anayeandika juu ya joto na mwani anatamani data za shambani, na wewe ndiye unayezo.

Ukumbini, sikiliza kwa kalamu. Huwezi kuhudhuria kila kikao, na ukijaribu, siku ya pili kichwa kitakataa. Hudhuria vya fani yako vyote, kimoja kisichokuhusu kabisa kila siku, na mchana mmoja pumzika.

Uliza maswali. Tumelelewa kwamba mdogo hamhoji mkubwa mbele za watu, na malezi hayo ni mazuri nyumbani. Kule swali ni heshima: linamwambia mzungumzaji kwamba umemsikiliza hadi mwisho. Simama, taja jina na taasisi yako, shukuru kwa sentensi moja, uliza jambo moja, kaa. Kwa nusu dakika hiyo ukumbi mzima umejua kwamba kuna mtu wa Zanzibar anayefanya kazi ya mwani.

Kutokaa pamoja Watanzania watupu ni kazi, najua, hasa siku ya kwanza ambapo kila kitu ni kigeni na Kiswahili kinapoza moyo. Pangeni: chakula cha usiku pamoja, chai za mchana kila mtu na wake.

Swala na chakula vishughulikiwe kwenye fomu ya usajili. Andika kwamba unakula halali, au samaki na mboga, na uliza kama kuna chumba cha kuswalia. Waandaaji wengi hukitafuta wakiombwa mapema. Hafla ya jioni mara nyingi ina vinywaji usivyokunywa. Uamuzi ni wako, na asiyetaka kukaa palipo na pombe asione ameharibu kitu. Anayekwenda achukue juisi, akae saa moja, azungumze na wale aliowakusudia, aage. Aliyebaki hotelini aombe miadi ya kifungua kinywa, kwani asubuhi watu wametulia zaidi.

Kila ukipewa kadi au namba, andika papo hapo mlizungumza nini. Usiku ule ule, kabla hujalala.

Hatua ya 10: Dakika zako

Peleka faili lako jana yake au asubuhi, lifungue kwenye kompyuta yao na uzipitie slaidi zote, kwani video na herufi maalumu hupotea. Wakati wa mapumziko ingia ukumbini kukiwa hakuna watu, simama jukwaani, jaribu kipaza sauti. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa kikao na umtamkie jina lako polepole.

Ukianza, ngoja hadi watu watulie, watazame, sema sentensi zako mbili. Geukia watu, si ukuta. Kama mkono unatetemeka, acha ile taa nyekundu ya kuonyeshea. Weka mishale ndani ya slaidi zenyewe tangu nyumbani. Kadi ya dakika mbili ikiinuliwa na uko mbali, ruka moja kwa moja hadi slaidi ya mwisho, isome kwa utulivu, nyamaza. Kula dakika za mwenzako anayekufuata ni utovu wa adabu, na watu wanaukumbuka.

Maswali ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa hapo ndipo unapojua kazi yako ilivyoonekana na jicho lisilokuzoea. Sikiliza hadi mwisho. Rudia swali kwa maneno yako. Hilo linawasaidia waliokaa nyuma na linakupa sekunde tano za kufikiri. Jibu kwa sentensi mbili tatu. Usipolielewa kwa sababu ya lafudhi, omba lirudiwe, na ukishindwa mara ya pili mwombe mwenyekiti akufafanulie. Swali la kitu usichokipima lina jibu moja tu la haki: hatukukipima, na hivi ndivyo kingeweza kupimwa. Kubahatisha mbele ya anayejua kunaiondolea thamani kazi yote iliyotangulia. Akitokea anayetoa hotuba badala ya swali, au anayekushambulia, mshukuru, jibu sehemu yenye maana, mwambie mtaendelea nje. Mfuate kweli nje. Mara nyingi ana hoja, na hana mahali pa kuipeleka.

Hatua ya 11: Ukirudi

Hifadhi risiti zote na vipande vya tiketi za kupandia ndege, kwa sababu bila ya hivyo marejesho ya masurufu, yaani hesabu ya pesa za safari ulizopewa, hayafungwi, na asiyefunga marejesho hapewi masurufu mengine. Ripoti ya safari iwe kurasa mbili: nilijifunza nini kinachotuhusu, nimeonana na nani, nini kifanyike na nani akifanye.

Ndani ya wiki moja waandikie wale uliokutana nao. Kila mmoja umkumbushe mlipozungumzia na umtumie kile ulichomwahidi: slaidi, makala, picha ya kifaa. Ombi lako liwe moja na dogo. Geuza mazungumzo yako kuwa makala maswali yakiwa bado yanalia masikioni. Jarida la sayansi za bahari la WIOMSA ni mahali pazuri pa kuanzia kwa kazi za pwani yetu.

Kisha peleka matokeo kule yalikotoka. Muombe sheha akupangie siku isiyo ya bamvua, maana siku za bamvua akina mama wako shambani tangu maji yanapotoka. Projekta na slaidi za Kiingereza ziache ofisini. Chukua picha kubwa tatu zilizochapwa, kamba moja yenye mwani wa maji mafupi na moja ya maji marefu, na kipimajoto ulichokuwa ukikitumia. Waulize wao kwanza waliona nini kaskazi iliyopita, ndipo useme ulichokiona wewe. Watakuuliza nani analipa ngalawa ya kufika maji marefu, asiyejua kuogelea atafanyaje, na mnunuzi atatoa bei gani kwa mzigo wa ziada. Yaandike maswali hayo yote kwa majina ya walioyauliza, na uyajibu kwenye sehemu ya mjadala ya makala yako kabla hujaituma kwa mhariri.